Sifuri katika Daftari la Bi Somoe

Ruangwa, Jumatatu, wiki ya kwanza ya Desemba. Joto. Mchana mawingu yalikuja, yakasimama kidogo juu ya mji, yakaondoka bila kudondosha kitu. Nimerudi kutoka Likunja saa kumi, nimeoga, nimekaa barazani na kompyuta. Sina hasira na mtu. Nataka kuandika jambo hili likiwa bado limekaa sawa kichwani.

Nilikosea. Naanza na hilo nisije nikalizunguka.

Jumanne iliyopita nilikuwa nakunywa chai kwenye mgahawa ulio mkabala na stendi. Akaja kijana anayeratibu mradi wa wapima mvua wa kujitolea. Mradi huo umewapa wakulima kadhaa vipima mvua vya plastiki na daftari. Kila siku saa tatu asubuhi mkulima anasoma maji yaliyoingia, anaandika, anatuma kwa simu. Pembeni mwa daftari kuna safu ya maelezo. Kijana alikuwa anacheka kabla hajakaa. Alinionyesha picha kwenye simu yake, maandishi ya Bi Somoe wa Likunja: "Jana usiku saa mbili na dakika kumi nimeona juu ya wingu la radi vitu vyekundu vitatu, kama mihogo iliyong'olewa, vichwa juu, mizizi chini. Vimetokea pamoja vikapotea. Baadaye kimoja."

Nami nilicheka. Nikanakili, nikarudi ofisini, nikaandika habari ya sekunde arobaini ya kufunga taarifa. Jumatano saa saba mchana ilisomwa redioni. Nilisema mbinguni wameanza kilimo, na kwamba Likunja ndiko zao la kwanza lilikoonekana. Nilitaja jina lake.

Miaka ishirini na sita katika kazi hii, nimewafundisha vijana wasiandike habari kutoka kwenye picha ya simu.

Alhamisi alikuja ofisini mwenyewe. Mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kilemba cha kijani, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Likunja. Hakupandisha sauti. Alikaa, akalitoa daftari, akalifungua, akalisukuma mezani mpaka likagusa mkono wangu.

"Uliponisoma," aliniuliza, "ulisoma ukurasa mzima?"

Sikuwa nimesoma ukurasa mzima. Picha ya yule kijana ilikuwa imekatwa, inaonyesha safu ya maelezo tu. Sasa niliuona wote: tarehe, saa, milimita, maelezo. Miaka mitatu ya mwandiko mmoja, isipokuwa siku nne za mwaka jana alipomzika mama yake na binti yake akapima badala yake. Kwenye mstari wa ile siku, safu ya milimita ilikuwa na sifuri.

Alinieleza kilichomleta. Baada ya redio, watu wa mradi walikuwa wamepiga simu. Mratibu angekuja Jumatatu, yaani leo, kuchukua kipima na daftari na kumpa mwenye duka jirani. Walisema mtu anayeona mihogo angani hawawezi kuziamini hata milimita zake. Tena, kwa maoni yao, alikuwa amejipinga mwenyewe: radi na mawingu huku, mvua sifuri kule, na hata mlio wa ngurumo, kwa maneno yake, hakusikia.

Nilimuuliza kama kuna malipo. Hakuna. Nikamuuliza basi anapoteza nini. Nalirekodi swali hili kwa sababu ni swali la mtu aliyechoka kufikiri. Alinijibu kwamba watu wa kitongoji chake hupita kwake kabla ya kupanda. Wakisikia maji yamefika kiasi, wanapanda. Wasiposikia, wanasubiri. Wiki hii wote wanasubiri.

"Kipima chenyewe ni plastiki," alisema. "Wakikichukua, watakuwa wamesema mimi ni mwongo."

Alipoondoka niliinua kikombe changu cha chai. Chini yake kulikuwa na karatasi ya dada wa mapokezi, ya Jumatano ile ile, saa nane: "Mfugaji wa Mkotokuyana kapiga, anasema na yeye kaiona mihogo yako. Ha ha." Na namba ya simu. Nilikuwa nimeipokea, nimeisoma, nimeifanya kitako cha kikombe.

Jioni hiyo nilimpigia mtabiri mmoja wa hali ya hewa, mwanamke niliyemfahamu wakati wa mafuriko fulani, anafanya kazi Dar es Salaam. Nilimsomea yale maelezo yote. Nilitegemea acheke. Aliomba niurudie polepole.

Kisha akauliza, kwake mvua ilinyesha?

Nikamwambia sifuri, kwa sauti ya mtu anayekiri udhaifu wa shahidi wake.

"Vizuri," akasema. "Angekuambia milimita arobaini ningekwambia achana naye."

Hapo nilivuta kiti na kuanza kuandika. Alichonieleza, kwa maneno yangu, ni hiki. Dhoruba kubwa ya radi haiishii pale mawingu yanapoishia. Wingu lenyewe kwa huku kwetu hupanda kilomita kumi na tano, kumi na sita, juu ya njia za ndege za abiria. Radi kali ikipiga ardhini, chaji iliyokuwa imejikusanya ndani ya wingu inaondoka ghafla, na mshtuko wake unafika juu sana, kilomita hamsini mpaka tisini, ambako hewa ni nyembamba mno. Hewa hiyo inawaka wekundu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Umbo linalojulikana zaidi ni kichwa kilichotanuka juu na nyuzi zinazoning'inia chini. Kwa miaka mingi marubani waliviona vitu hivyo na hawakusema, kwa sababu waliosema walichekwa. Mpaka vilipopigwa picha.

Hilo nililipigia mstari.

Aliendelea kwamba mwanga ni sehemu tu. Dhoruba inayosukuma hewa juu namna hiyo inaitikisa kama jiwe linavyotikisa maji ya bwawa, na mawimbi yake hupanda mpaka kwenye tabaka lenye umeme, lile linalorudisha chini mawimbi ya redio za masafa mafupi. Nilimwambia kwamba nilipoanza kazi tulikuwa tunanasa taarifa za nje kwa masafa mafupi, na jioni nyingine sauti ilipanda na kuzama, fundi akapanda juu ya paa kuilaumu antena. Nilitaka aseme ni dhoruba. Alisema pengine jioni mojamoja, lakini hawezi kuapa, sababu za jambo lile ni nyingi. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo.

Muhimu kwangu lilikuwa moja. Aliye chini ya wingu haoni kitu, wingu limemfunika. Anayeona ni aliye mbali, kilomita mia moja, mia mbili, mia tatu, penye anga safi na giza. Kwa umbali huo ngurumo haisikiki. Kwa umbali huo kipima mvua kinabaki kikavu.

Sifuri yake ndiyo ilikuwa ushahidi. Mimi na mratibu tuliisoma kama kosa.

Mtabiri alinipa kazi mbili: uelekeo, na kimo kwa mkono ulionyooshwa. Ijumaa nilikwenda Likunja.

Bi Somoe anaishi na binti yake na wajukuu wawili. Siku ile umeme wa nyumba ulikuwa umekatika tangu magharibi na ndani kulikuwa na joto, kwa hiyo alikaa uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, akichambua korosho kwa mkono bila taa. Anasema mkono unaijua korosho mbovu. Macho yalikuwa yamezoea giza na hayakuwa na kazi, ndiyo maana yaliangalia juu. Nilimwomba akae pale pale. Wingu lilikuwa chini kabisa, upande wa Nachingwea, kati ya kona ya paa la choo na mkorosho wa mpakani. Nikapima kwa dira ya simu. Kusini, ikilalia kidogo magharibi.

Nikamwomba anyooshe mkono. Wingu, alisema, lilikuwa na kimo cha vidole viwili. Vichwa vya ile mihogo vilifika shibiri moja, akatanua kidole gumba na kidole cha mwisho hewani. Nilimrudisha. Shibiri. Nikamrudisha mara ya tatu.

"Mkono ni ule ule, mwandishi. Hata ukija kesho."

Jirani alipita na jembe begani, akatuona sote wawili tumenyoosha mikono kuelekea choo.

"Somoe, mwonyeshe basi na pa kuchimbia."

"Njoo na jembe lako, tutakupa pa kuanzia," Bi Somoe alimjibu, wala hakushusha mkono.

Yule jirani alicheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya, lakini niliona binti wa Bi Somoe ameinamisha uso. Aliniambia baadaye kwamba mashineni wanamwita mama yake Mama Mihogo, na kwamba mtoto wake wa darasa la tatu ameomba asiende shule mpaka watu wasahau. Niliandika hayo pia. Sikumwahidi kitu.

Jumamosi nilikwenda Mkotokuyana kupitia Nachingwea mjini. Mfugaji aliyepiga simu anaitwa Masunga. Ni mtu wa kanda ya ziwa, amefika huku na familia na ng'ombe misimu miwili iliyopita, ana mahindi kidogo pembeni ya zizi. Alinipokea kwa maziwa na bila lawama, ingawa nilichelewa siku tatu kumrudia. Alisema alidhani redio haipokei simu za wafugaji.

Ana namna yake ya kufanya kazi ambayo sikuwahi kuiona. Mwisho wa kiangazi, kila jioni giza likiingia, anasimama nje ya zizi na kuangalia umeme wa mbali, ule usio na sauti. Akiuona anailaza fimbo yake chini, ncha ikielekea kule. Asubuhi anapigilia vijiti viwili, kimoja mwanzo wa fimbo, kimoja mwisho. Kesho anafanya tena. Vijiti vikisogea, mvua inatembea, na anakadiria kama itamfikia. Visiposogea kwa siku kadhaa, mvua imekaa kwa wenyewe, na yeye anapanga kuhamisha ng'ombe. Baba yake alifanya hivyo hivyo. Nyuma ya zizi kulikuwa na jozi tisa za vijiti, na ya siku ile aliijua bila kuhesabu kwa sababu ilikuwa na uzi mwekundu.

Nilimuuliza kwa nini uzi.

"Mimi umeme wa mbali naangaliaga kila siku, mkubwa. Ile nyekundu nimeiona mara tatu tangu nizaliwe. Sikumwambiaga mtu, maana ningemwambia nani? Sasa redio ikataja jina la yule mama, nikasema huyu wamemwacha peke yake."

Saa hakuwa nayo kamili. Alisema ni baada ya ndama kufungwa na kabla ya ugali, ambayo mkewe, bila kugeuka kutoka jikoni, aliitaja kuwa saa mbili na kidogo. Mvua pale? Hakuna. Ngurumo? Hakuna. Nikaweka dira juu ya vijiti. Karibu kusini kamili.

Jana, Jumapili, nilitandika ramani mezani na kuchora mistari miwili kwa rula. Naandika hapa kile inachosema na kile isichosema. Vijiji viwili vimekaribiana kuliko nilivyotaka, kwa hiyo mistari inakutana kwa pembe nyembamba, na dira ya simu si chombo cha mpima ardhi. Kosa la kilomita thelathini mbele au nyuma linawezekana. Hata hivyo inakutana ng'ambo ya Mto Ruvuma, ndani ya Msumbiji, karibu kilomita mia mbili kutoka uani kwa Bi Somoe. Nilimtumia mtabiri. Kwa umbali huo, akanijibu, vidole viwili ni wingu la kimo cha kawaida cha dhoruba kubwa, na shibiri moja ni kama kilomita sabini. Baada ya saa moja akanitumia picha ya setilaiti ya jioni ile. Juu ya Nachingwea hakuna kitu. Juu ya Ruangwa hakuna kitu. Kusini ya Ruvuma kuna doa jeupe kubwa.

Alisisitiza kwamba bila picha ya vyenyewe vile vitu hawezi kuthibitisha. Anaweza kusema maelezo ya watu wawili wasiojuana yanalingana na jambo linalojulikana, na kwamba dhoruba ilikuwepo mahali walipoelekeza. Nilimshukuru. Ni zaidi ya nilichokuwa nacho nilipoandika ile habari.

Leo saa nne mratibu alifika kwa pikipiki. Tulikuwa tumekubaliana na Bi Somoe kwamba sitasema kitu mpaka niulizwe. Kijana si mbaya. Ana bosi, na fomu aliyokuja nayo ilikuwa tayari imejazwa jina la mwenye duka. Alikataa chai, kisha akakubali maji. Alikaa kwenye kigoda, daftari magotini, akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Sasa mama, radi na sifuri kwenye mstari mmoja. Bosi wangu nitamweleza nini?"

"Mweleze mvua ilikuwa ya watu wengine, mwanangu."

Akanigeukia mimi. Nikamtandikia ramani. Nilimweleza mistari, shibiri, vijiti vya Masunga, picha ya setilaiti, na mipaka ya vyote hivyo, kama nilivyoviandika hapa. Nilimweleza pia kwamba picha aliyonionyesha ilikuwa imekatwa, na kwamba aliyepaswa kuomba iliyobaki ni mimi. Alitazama picha ya setilaiti muda mrefu. Akasimama, akaenda nyuma ya nyumba kupiga simu. Tulimsikia akisema ndiyo, ndiyo, hapana, sifuri, ndiyo. Bi Somoe alikuwa anachambua korosho. Mikono yake ilikuwa inaweka mbovu na nzima upande mmoja.

Aliporudi alikunja ile fomu mara nne. Kipima kitabaki, alisema, mpaka mwisho wa msimu, halafu wataangalia. Ila safu ya maelezo ni ya mambo ya kipima: mvua ya mawe, chombo kuvunjika, mbuzi kukiangusha. Mengine yasiandikwe.

Bi Somoe alifikiri.

"Nikiviona tena, niandike wapi?"

Kijana alifungua mdomo. Naamini alikuwa na jibu la ofisini, na naamini alilisikia kabla hajalitoa. Alitazama kusini, kwenye kona ya paa la choo, kama vile mimi nilivyotazama Ijumaa.

"Andika hapo hapo," akasema. "Ila uwe unaweka na saa."

"Saa ipo."

Kijana akalifungua tena daftari. Saa mbili na dakika kumi. Akachukua kalamu, akatia saini ndogo pembeni ya mstari, ambayo kwa utaratibu wao maana yake ni kwamba umekaguliwa na kukubaliwa.

Alipoondoka na pikipiki yake, Bi Somoe aliniambia anachotaka kwangu. Hataki nimwite mtaalamu. Hataki nieleze mambo ya hewa ya juu mpaka watu walale. Anataka mstari wake usomwe mzima redioni, pamoja na sifuri. Nikamuuliza kama anataka jina lake lisitajwe safari hii. Akasema lilishatajwa, sasa litajwe vizuri.

Nimepita ofisini kabla ya kuja nyumbani. Mhariri amekubali marekebisho yasomwe, na ameyapanga saa kumi na moja alfajiri, baada ya matangazo ya vifo. Ile habari ilisomwa saa saba mchana, redio zimefunguliwa madukani, stendi na mashineni. Saa kumi na moja alfajiri watakaosikia ni walinzi.

Nimemwambia tutaongea. Ni jibu la kiungwana la mtu ambaye hajaamua.

Nimeamua sasa. Kesho kabla ya kikao cha asubuhi nitamkuta mlangoni na nitamwomba saa saba mchana. Akikataa, nitaomba kwa maandishi, na nakala nitaiweka hapa kwenye blogu. Marekebisho nimeshayaandika, ni sentensi sita, zinasomeka kwa sekunde arobaini. Ya kwanza inaanza na jina langu.